Mtoto wa Tuta la Tatu

Mbinya alijifungua mwishoni mwa Novemba, mvua kubwa ikiwa haijaisha, na siku ya tisa maziwa yake yakaanza kumkimbia. Asubuhi yalikuwa tele. Jioni yalikuwa tele. Lakini ikikaribia saa sita mchana matiti yalilegea kabisa, na mtoto alivuta, akaachia, akamtazama mama yake usoni, kisha akalia mpaka saa saba, ambapo maziwa yalirudi yenyewe.

"Ni chakula," Kalekye, mama yake Mbinya, alimwambia. "Hukuli vizuri. Nitakupikia uji wa wimbi."

Akapika uji, akaongeza njugu za kusaga. Siku ya kumi ikawa vile vile. Siku ya kumi na moja Kalekye alikwenda kumpelekea chai mama yake mzazi, Syombua, akamkuta ameketi kitandani anajifunga leso juu ya gauni, harakaharaka kama msichana aliyefumaniwa. Upande wa kushoto wa gauni ulikuwa na doa la majimaji, la mviringo, linalozidi kutanuka.

"Mwaitu," akamwita mama yake, "hiyo ni nini?"

"Nimejimwagia maji," Syombua akasema.

Hapakuwa na kikombe wala jagi chumbani, lakini mtu hamuulizi mama yake wa miaka sabini na saba maswali mawili juu ya kifua chake. Kalekye aliweka chai akatoka. Harufu ilimfuata mpaka mlangoni, ile harufu tamu ya maziwa ya mzazi inayochacha haraka, na akajiambia kwamba nyumba nzima ilinuka hivyo tangu Mbinya arudi.

Boma lao lilikuwa mteremkoni, chini ya soko la Mbumbuni, na lilikuwa boma la wanawake. Syombua hakuwahi kuolewa. Wanaume wawili walikuwa wamemposa enzi hizo, akawakataa, akabaki kwenye shamba la baba yake ambaye hakuwa na mtoto wa kiume aliyeishi. Kalekye alizaliwa hapo, akamzaa Mbinya hapo, akalipa karo kwa kushona sare za shule kwenye baraza la duka sokoni. Na sasa Mbinya, baada ya kumaliza chuo Kitui, alikuwa amerudi kujifungua mtoto wa kike ambaye walimpa jina la Nduku kwa heshima ya mama yake Kisilu, baba wa mtoto. Kisilu alikuwa fundi wa pikipiki mjini Kitui, kijana mzuri, aliyetafuta nyumba ya vyumba viwili ili awachukue wote wawili mwezi wa kwanza. Kalekye aliomba kila jioni kwamba jambo hilo litimie. Alikuwa amechoka kuona wanawake wa nyumba hiyo wakibaki.

Wiki moja kabla ya Mbinya kujifungua walikuwa wamegombana, Kalekye na mama yake, kwa sababu ya tuta. Shamba lilikuwa na matuta saba yaliyochimbwa zamani za Mzungu, na mvua ya mwaka huo ilipasua tuta la tatu, udongo ukafunika mbaazi. Syombua alisema lisiguswe. Hakusema kwa nini. Kalekye aliona ni uzee tu, akangoja Jumamosi mama yake alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, akaita vibarua wawili, wakachimba ukingo wote na kuujenga upya kabla ya jioni. Syombua aliporudi alisimama akautazama udongo mwekundu uliogeuzwa kwa muda mrefu sana. Hakumkaripia. Aliingia ndani, na usiku huo hakula.

Siku ya kumi na mbili Kalekye hakwenda sokoni. Saa sita mchana alikuwa uani anaanika nguo za mtoto, jua limesimama utosini, kuku wote wamejikunja chini ya ghala bila hata mmoja kuchakura, akasikia Nduku analia kule chini shambani. Alikasirika. Mtoto wa siku kumi na mbili hatolewi nje na jua kama hilo. Akashuka njia ya matuta akiita, "Mbinya, rudisha huyo mtoto ndani," na kilio kikawa mbele yake kidogo, chembamba, cha mtoto aliyelia mpaka sauti ikakauka. Alipopita tuta la pili aligeuka bila kujua kwa nini. Mbinya alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, juu kule, na Nduku amelala begani pake.

"Mum, unaniitia nini?"

Kilio kilikuwa bado kinaendelea, nyuma ya Kalekye, karibu na magoti yake.

Alipanda mteremko bila kukimbia, kwa sababu aliogopa kwamba akikimbia kitajua. Alimsukuma Mbinya ndani, akafunga mlango, akasema ni paka.

Kule dispensari nesi alimweka Nduku kwenye mizani mara mbili, akidhani mizani ina shida. Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu na gramu mia moja alikuwa na kilo mbili na mia sita. Akaandika kwenye kitabu cha kliniki, akawashauri wanunue maziwa ya mkebe ya kusaidia ile saa ambayo mama hana. Walinunua. Nduku alikunywa nusu chupa kesho yake saa sita, akatulia, Mbinya akaanza kutabasamu, kisha mtoto akajipinda mgongo na kutapika juu ya leso, na yaliyotoka hayakuwa maziwa. Yalikuwa maji mekundu ya udongo, na chembe za mchanga ndani yake.

Mbinya hakupiga kelele. Alimfuta mtoto mdomo kwa kidole, akamtolea chembe zilizobaki chini ya ulimi, akamtazama mama yake. "Mum," akasema kwa sauti ya chini, "susu, mama yako, yuko wapi?"

Chumba cha Syombua kilikuwa kitupu.

Kalekye alimkuta kwenye tuta la tatu. Mama yake alikuwa ameketi ukingoni, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyoketi wanawake wanaonyonyesha, gauni amelifungua mpaka kiunoni, mikono ameikunja kifuani kwa namna ambayo kila mwanamke anaijua, na mikononi hamkuwa na kitu. Alikuwa anaimba polepole, wimbo wa kubembeleza ambao Kalekye aliusikia utotoni, na alikuwa anatabasamu. Kalekye alitaka kumwita lakini macho yake yalikuwa yameshaona ziwa la mama yake, ziwa la bibi kizee ambalo lilipaswa kulala tu juu ya mbavu, jinsi lilivyovutwa mbele likanyooka, likaachiwa, likavutwa tena, na jinsi chuchu ilivyobonyezwa na kitu kisichoonekana, na tone la maziwa lililotoka pembeni lilivyoteremka hewani kufuata mviringo wa shavu ambalo halikuwepo, likaning'inia kwenye kidevu ambacho hakikuwepo, kabla ya kudondoka kwenye udongo.

Syombua aliinua kichwa akamwona. Hakuona haya. "Njoo taratibu," akanong'ona. "Anataka kulala."

Saa saba ilipopita Syombua aliinuka mwenyewe, akafunga gauni, akapanda nyumbani. Alikuwa amekonda. Kalekye aliona hilo sasa, shingo ilivyobaki mishipa na macho yalivyoingia ndani, na akashangaa jinsi alivyoishi naye siku zote hizo bila kuliona. Akamkalisha jikoni. Mbinya akaketi kwenye kigoda karibu na jiko, mtoto mapajani.

"Tuambie," Kalekye akasema.

"Ni dada yangu," Syombua akasema.

Aliwaambia kwa Kikamba, polepole, akitazama mikono yake. Mwaka huo yeye alikuwa na miaka saba. Wanawake wote wa mteremko walilazimishwa kuchimba matuta, na askari wa chifu alikuwa na orodha ya majina. Asiyefika alipigwa na mbuzi wake akachukuliwa. Mama yao alijifungua Jumanne. Ijumaa askari alifika mlangoni. Mama akafunga tumbo kwa kitambaa, akambeba mtoto, akamwambia Syombua awafuate, amshike mtoto kivulini huku yeye akichimba.

"Alikuwa na siku tatu. Jina lilikuwa litolewe kesho yake, watu walikuwa wameshaalikwa. Ilipofika saa sita akaanza kulia, njaa. Mama akaomba aje anyonyeshe. Yule askari akasema mpaka kipande alichopimiwa kiishe. Mama akaomba tena, akapigwa fimbo ya mgongo, na mimi nikaona. Basi nikafungua nguo, nikampa langu. Sikuwa na kitu, nilikuwa mtoto. Akavuta, akavuta, akakosa, akalia zaidi. Askari akageuka kutuangalia. Nikaogopa atakuja kutupiga. Nikamfunika kwa shuka ya mama, uso wote, nikashika hapo mdomoni." Aliweka kiganja mezani, akakikandamiza. "Akanyamaza. Nikafurahi. Nikadhani amelala."

Mbinya alimvuta Nduku karibu na kifua.

"Mama alipomaliza kipande akaja mbio, ziwa nje. Alimshika, akanitazama, akajua. Hakunipiga. Walimzika hapo hapo, ndani ya udongo walioutupa juu, kwa sababu askari alikataa mtu yeyote aondoke. Jioni mama akaniambia nisiseme kamwe. Akasema hakuwa na jina, kwa hivyo hakuna mtu aliyekufa."

"Ndiyo maana hukuolewa," Kalekye akasema.

"Ningemwacha na nani?"

Kalekye alimpigia Pasta Mbaluka simu jioni hiyo hiyo, na siku iliyofuata pasta akaja na mkewe saa tano na nusu. Kalekye hakumficha kitu. Pasta alisema ni jini linalojifanya ndugu wa watu, akawashikisha mikono wote watano sebuleni na kuanza kukemea. Alikuwa na sauti kubwa, sauti iliyozoea hema. Saa sita kilio kilianza shambani. Pasta akaongeza sauti. Kilio kikapanda tuta la pili, tuta la kwanza, kikaja uani, si kwa haraka, kwa mwendo wa kitu kinachojiburuta kwa tumbo, na kila kilipokaribia sauti ya pasta ilipungua bila yeye kutaka, mpaka midomo yake ikawa inakwenda na hakuna kinachosikika, na kilio kikasimama nje ya mlango, chini kabisa, pale kwenye mwanya ambapo mwanga huingia, na mwanga wenyewe ukakatika. Mke wa pasta, aliyeacha kuzaa miaka kumi na mitano iliyopita, aliachia mkono wa Kalekye ghafla na kujishika blauzi. Vidole vyake vililowa.

Waliondoka kabla ya saa saba kupita vizuri. Pasta alisema watafunga na kuomba wakiwa kwao. Mkewe hakumuaga mtu.

Jumatatu Nduku alikuwa na kilo mbili na gramu mia mbili. Nesi alisema kesho wapelekwe hospitali kubwa, wawekewe mrija. Walikwenda. Walilazwa siku tatu, na mle wodini, mbali na tuta, maziwa ya Mbinya yalikata saa sita vile vile, na mtoto alitapika mchanga kwenye mrija, daktari kijana akauliza kama kuna mtu nyumbani anayempa mtoto dawa za kienyeji. Akaandika barua ya kuwapeleka Nairobi. Kalekye aliikunja barua, na badala ya kungoja gari akampigia mtu ambaye habari zake alikuwa ameambiwa na mwanamke wa kitanda cha pili.

Mtu huyo aliitwa Kilonzo, wa Kabati, upande wa Kitui. Zamani alikuwa mhudumu wa josho la ng'ombe. Alifika bomani na mfuko wa plastiki na fimbo, akakaribishwa chai, akaomba ya rangi.

"Maziwa ya boma hii siwezi kunywa," akasema.

Aliketi na Syombua peke yake saa nzima, kisha akashuka mpaka tuta la tatu akiwa peku, akasimama hapo, akarudi na jasho.

"Pasta wenu amekosea kitu kimoja," akamwambia Kalekye. "Mimi hufukuza majini. Jini limetoka mahali, unalirudisha. Hiki hakijatoka mahali. Mtoto ambaye hajapewa jina ni wa mizimu bado, hajakuwa mtu. Huyu amekaa mlangoni miaka sabini, hajaingia, hajatoka. Siwezi kumwambia nenda, kwa sababu nitamwita nani?"

"Basi tufanye nini?"

"Apewe jina. Akiwa na jina naweza kumwita, akiitika naweza kumpeleka alipo mama yake. Mama yenu alikuwa amemchagulia?"

Alimuuliza Syombua, lakini Syombua alikuwa anamtazama Kalekye.

"Alikuwa amechagua," bibi kizee akasema mwishowe. "Jina la mama yake yeye. Kalekye."

Mbinya aligeuka.

"Nilipokuzaa wewe kilikuwa kinalia kila siku," Syombua akaendelea. "Kila mchana. Nikakupa jina lake. Nilidhani nikikuita, naye atasikia anaitwa. Na kweli kilinyamaza. Miaka hamsini, mpaka mlipochimba."

Kalekye alitazama mlango. Nje jogoo aliwika mara moja. "Na uliponiita," akauliza, "nilipokuwa mdogo, ukisimama pale mlangoni ukiniita nije kula. Ulikuwa unamwita nani?"



Kilonzo alikohoa. Alisema jina ni mali ya aliye nalo, na haliwezi kupewa mwingine mpaka mwenyewe aliachie kwa mdomo wake. Kalekye angebaki na lile la ubatizo, Agnes. Kalekye akamuuliza kama kuna hatari. Kilonzo alifikiri kabla ya kujibu, na baadaye Kalekye alimshukuru kwa hilo, kwamba hakumdanganya. "Sijui," akasema. "Sijawahi kukutana na kama hiki."

Kalekye alimtazama mjukuu wake mapajani mwa Mbinya. Ngozi ya miguu ilikuwa imekunjamana kama soksi iliyolegea. Hata kulia hakuweza tena, alikuwa anafungua mdomo tu.

Walishuka saa sita kasorobo. Syombua aliketi ukingoni. Kilonzo alichora duara kwa majivu, akamwaga maji na mtama. Kilio kilipoanza, Kalekye alisema maneno aliyofundishwa, kwamba jina hili nimelivaa, leo nimelivua, mwenyewe alichukue. Alishangaa jinsi yalivyokuwa mepesi mdomoni. Kisha Syombua akainamia mikono yake mitupu na kusema kwa upole ambao binti yake hakuwahi kuusikia, "Kalekye. Wewe ni Kalekye."

Kilio kikakatika.

Kilonzo aliita jina hilo mara tatu, akaamuru aende kwa mama yake. Hakuna kilichoitika. Hakuna kilichotikisika. Aliita tena. Akangoja mpaka jua likainama, akakusanya vitu vyake. "Labda amekwenda," akasema, bila kumtazama mtu usoni.

Na kwa wiki tatu ilionekana hivyo. Maziwa ya Mbinya yalirudi saa zote. Nduku akanenepa mashavu, akaanza kucheka na ukuta. Katikati ya mwezi wa kwanza Kisilu alikuja na gari la kukodi akawachukua, na Kalekye alisimama barabarani akipunga mkono mpaka vumbi likatua. Mbinya alimtaka waende wote. Kalekye alisema hawezi kumwacha mzee.

Siku hiyo aliporudi nyumbani, mama yake alikuwa amesimama mlangoni. "Kalekye," akaita, "njoo ule." Kalekye akaitika. Syombua hakumtazama. Alikuwa anatazama chini, karibu na nguzo ya ghala, na uso wake ukafuata kitu kilichopita katikati yao, kikaingia ndani.

Alama zilianza ukutani wakati wa kuvuna. Viganja vyekundu vya udongo, vya mtoto anayejifunza kusimama, vikishika ukuta wa sebule. Kalekye alivifuta. Wiki mbili baadaye vilikuwa juu ya dirisha. Ndipo mama yake alipomwomba ashone gauni.

"La nani?"

"La mwenzako. Anatembea uchi, si vizuri." Kisha akataja kipimo, ishirini na mbili, kile cha watoto wa nasari.

Kalekye alikataa, na Syombua akaacha kula, si kwa hasira, aliacha tu, mpaka siku ya nne. Basi akashona. Gauni likaachwa juu ya kiti na mchana halikuwepo. Mwezi wa tatu mama yake aliomba ishirini na sita. Mwezi wa nne akaomba thelathini, na siku hizo Kalekye alisikia nyayo saa sita mchana zikitoka shambani, si za mtoto tena, za msichana mwenye uzito, zikipita nyuma ya kiti chake kwenda chumbani kwa Syombua, mlango ukifungwa kwa adabu, na kupitia ukuta sauti ya kunyonya ya kitu kikubwa, kitu kilichopaswa kuwa kimeacha ziwa miaka mingi, kinachonyonya bila kupumzika mpaka saa saba.

Alimpigia Kilonzo. Alimweleza yote. 

"Anaitwa na kuitika?" Kilonzo akauliza.

"Anaitika sasa. Nimemsikia. Ana sauti."

"Basi ni mtu," Kilonzo akasema. "Asiye na jina hakui. Mwenye jina anakua. Mimi siwezi kumfukuza mtu, mama Mbinya. Nisamehe."

Mwezi wa sita Syombua hakuweza kuinuka. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba Kalekye alimbeba kwenda kumwogesha kama anavyobebwa mtoto. Kifua chake kilikuwa bapa, kimekauka kabisa. Jioni moja alimshika binti yake mkono.

"Bado nguo moja," akasema.

"Kipimo gani, mwaitu?"

"Usihangaike kupima. Ni chako tu."

Kalekye aliketi kwenye cherehani asubuhi yote akijipima mwenyewe kwa futi, kiuno, mabega, urefu wa mkono, na alilia akishona, lakini alishona, kwa sababu yule mwanamke kitandani alikuwa mama yake na hakuwa na mwingine. Syombua alifariki siku ya tatu baada ya hapo, saa sita na nusu mchana. Kalekye alimkuta amejikunja ubavu, na mto wa pili pembeni yake umebonyea kwa kichwa cha mtu.

Mbinya alikuja mazishini bila mtoto. Kalekye ndiye aliyemkataza kumleta. Baada ya mazishi nyumba ilitulia. Hapakuwa na nyayo, wala harufu, wala kilio, na kuku walichakura mchana kutwa. Kalekye alikaa Julai yote na Agosti yote akisikiliza, akiacha mlango wazi saa sita ili aone kitakachokuja. Hakikuja kitu. Alianza kulala. Alirudi sokoni, akachukua oda ya sare za muhula wa tatu, na watu walipomwita Agnes aliitika.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tisa, saa sita na dakika kumi, yuko barazani mbele ya cherehani, simu ikalia. Mbinya.

"Mum, nimesahau kukuambia, sabuni ya mtoto iko juu ya kabati. Hiyo ya bafuni inamwasha."

"Sabuni ya nini?"

"Si umesema utamwogesha Nduku. Mimi ndio nafika hapa steji, nimechelewa kazini, lakini nikakumbuka."

Kalekye aliinua mguu kwenye pedali. Cherehani ikasimama. "Mbinya," akasema, "mtoto umemwacha na nani?"

"Aki mum." Mbinya alicheka. "Na wewe."

"Mimi niko Mbumbuni."

"Usinitanie. Tangu Jumamosi uko kwetu. Hata Kisilu amesema umekuwa mpole siku hizi, unamshika mtoto hutaki kumweka chini." Nyuma yake magari yalikuwa yanapiga honi. "Mum, huko kuna sauti ya nini?"

"Ni sokoni. Ni watu. Mbinya, rudi nyumbani. Rudi sasa, na usikate simu."

Hakuuliza kwa nini. Kalekye alisikia viatu vyake vikigonga lami, kisha changarawe, pumzi yake ikikatika, akisema jina la mtoto kwa kunong'ona kila hatua chache, na yeye mwenyewe amesimama katikati ya soko na simu sikioni, hawezi kwenda popote, kilomita zote hizo katikati yao, akihesabu kona za barabara ya kwenda kwa Kisilu aliyoiona mara moja tu. Alisikia geti. Alisikia ngazi. Alisikia Mbinya akijaribu kitasa, na mlango ukikataa, umefungwa kwa ndani, na mkono wake ukigonga.

Ndani mtu alijibu kwa utulivu, bila haraka, kwa ile sauti ambayo Kalekye aliijua kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe.

"Taratibu, mama," ikasema. "Ananyonya."